Nitakula Nini Roma Ilhali Ngano Nimekatazwa?

Kwako Mshauri,

Natumai hujambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ni mhasibu katika shirika moja lisilo la kiserikali, na ninaishi South C hapa Nairobi. Mwaka jana, baada ya kuhangaika kwa muda mrefu na tumbo lililojaa gesi, kuharisha, na upungufu wa damu ambao vidonge vya madini ya chuma havikuuponya, daktari bingwa alinipima damu, akaniingiza kamera tumboni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo, kisha akaniambia kwamba nina ugonjwa wa siliaki na kwamba sitakula tena ngano, shayiri wala rai maisha yangu yote.

Nyumbani nimeshazoea. Tunakula ugali, wali, githeri, viazi, nduma na muhogo. Chapati za Jumapili watoto huenda kuzilia kwa shangazi yao, na hata mahindi sisagishi tena kwenye kinu cha mtaani, kwa sababu siku moja nilimwona mwenye kinu akimaliza kusaga ngano ya jirani na kumimina mahindi yangu papo hapo. Shida yangu ni chakula cha nje. Mapema mwaka huu tulikuwa na warsha katika hoteli moja huko Pwani. Nilimwuliza mhudumu kama samaki wao ana ngano, akacheka na kunijibu kwamba samaki ni samaki tu. Usiku huo sikulala, na kwa siku kadhaa baadaye sikuweza kufanya kazi. Kabla hatujaondoka, mpishi alinieleza kwamba kila samaki hupakwa unga mkavu kidogo kabla ya kutiwa kwenye mafuta ili asigande kwenye karai.

Sasa shirika limenichagua kwenda Roma, Italia, kwa mafunzo. Ndege inapitia Addis Ababa, ambako nitasubiri kwa saa kadhaa, na baada ya mafunzo ninapanga kumtembelea dada yangu mkubwa anayeishi Leicester, Uingereza. Wenzangu ofisini wananitania kwamba napelekwa kwenye makao makuu ya ngano, basi nibebe unga wa ugali na sufuria. Mume wangu, ambaye ndiye aliyeniuguza baada ya safari ile ya Pwani, anasema nimwombe mkubwa wangu ampeleke mtu mwingine. Mama mkwe naye anaamini kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba nikijizoesha kidogo kidogo tumbo litakubali.

Kiitaliano sijui hata neno moja. Tena tumearifiwa kwamba jioni nyingi tutaalikwa na wenyeji wetu kula mikahawani, na naona haya kuwa yule mgeni anayerudisha kila sahani. Lipo na jambo jingine ambalo huenda likaonekana dogo: mimi ni Mkatoliki, na natamani kukomunika nikiwa Roma, lakini hostia ni ya ngano, na tangu niambiwe ugonjwa huu nimekuwa nikibaki kwenye benchi wenzangu wanapopanga foleni.

Je, niende au nimwachie mwenzangu nafasi? Na nikienda, nitakula nini?

Mhasibu, South C

JIBU

Dada mpendwa,

Nenda. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu ukiondoa suala la lugha, Roma itakuwia rahisi kuliko hoteli ile ya Pwani, na kuliko mikahawa mingi ya katikati ya jiji letu. Wenzako wanaokutania hawajui kwamba nchi hiyo inayokula ngano asubuhi na jioni ndiyo iliyolazimika kujipanga mapema kwa ajili ya watu wake wasioiweza. Sheria ya Italia ya mwaka 2005 inaagiza kwamba kantini za shule, za hospitali na za ofisi za umma zimpe chakula kisicho na gluteni, ile protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kila anayekihitaji, na wagonjwa wenyewe hupewa na serikali msaada wa kununulia mkate na pasta zao, ambazo utazikuta kwenye rafu za maduka ya dawa sawa na unavyozikuta dawa za kikohozi hapa kwetu. Mhudumu wa Roma ukimwambia una siliaki, aghalabu hatakuuliza ni kitu gani.

Kabla sijaendelea, tummalize mama mkwe kwa heshima. Siliaki si ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba miongoni mwa watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi katika bara letu hili hili, asilimia 5.6 walikuwa nao, ilhali kadirio la dunia nzima ni kama asilimia 1 tu. Kuhusu kujizoesha kidogo kidogo, huko ni kujiumiza kidogo kidogo. Gluteni ikiingia, kinga ya mwili wako hugeuka na kuushambulia utumbo mdogo, na zile nyama laini ndogo ndogo zinazofyonza chakula hulika na kusawazika. Jambo hilo hutokea hata siku ambayo hukuhisi maumivu yoyote. Ndiyo maana vidonge vyako vya madini ya chuma havikufua dafu: utumbo ulioharibika hauwezi kufyonza madini hayo ipasavyo. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alianza kuishuku ngano katika miaka ya 1930, akapata ushahidi zaidi mkate ulipoadimika nchini mwake wakati wa vita, na akayaandika matokeo yake mwaka 1950. Tangu hapo hadi leo tiba tunayoitegemea ni ile ile ya kuiacha kabisa, maisha yote.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yako, yaani samaki wa Pwani. Mhudumu yule hakukudanganya. Alijibu swali ulilomwuliza. Ulimwuliza samaki ana nini, na kwa kweli samaki hana ngano. Ulipaswa kuambiwa amepikwaje, na swali hilo ndilo nitakalokuomba uende nalo Addis Ababa, Roma na Leicester: chakula kimepakwa nini kabla ya kukaangwa, kimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga nini kabla yake, mchuzi umetiwa unga gani ili uwe mzito, supu imetiwa kiungo gani cha pakiti, na kijiko kilichokoroga chungu hiki kilitoka kwenye chungu gani. Hapa Nairobi ndiko unakoweza kujifunzia. Chipsi za kibandani hupikwa kwenye mafuta yaliyotoa sambusa dakika chache zilizopita, bhajia za unga wa dengu huongezwa ngano ili zishikane, soseji nyingi zina ngano ndani yake, na uji wa wimbi wa mkahawani huenda unga wake ulipitia kinu kama kile ulichokikimbia. Anza wiki hii kuuliza kwa namna hiyo, kwa lugha unayoimudu, ili ukifika ugenini ulimi wako uwe umezoea.

Nina kipimo kimoja cha kumpimia mhudumu, nacho hakijali nchi. Anayekujibu upesi kwamba hakuna shida, kabla hujamaliza hata kuuliza, ndiye wa kuogopwa. Anayekunja uso kidogo na kusema, "Ngoja nikaulize jikoni," huyo mwaminiye, hata kama atarudi kukwambia kwamba chakula ulichokitamani hakikufai.

Kutojua Kiitaliano kusikutie hofu. Andika kadi ndogo, uipige picha pia uiweke kwenye simu, na umpe mhudumu aipeleke kwa mpishi: "Sono celiaca. Non posso mangiare frumento, orzo, segale e farro, nemmeno in piccole quantità." Maana yake ni kwamba una siliaki na huwezi kula ngano, shayiri, rai wala farro, hata kwa kiasi kidogo. Hiyo farro ni jamii ya ngano ya kale ambayo huko hutiwa kwenye supu na saladi, na mgeni huidhania mchele mnene. Kwenye bidhaa na milango ya mikahawa tafuta maneno "senza glutine". Chakula kilichoandikwa hivyo katika nchi za Umoja wa Ulaya hakiruhusiwi kuwa na gluteni inayozidi miligramu 20 kwa kila kilo, na katika orodha ya viambato vya bidhaa yoyote iliyofungwa, majina ya nafaka zenye gluteni lazima yaandikwe kwa namna inayojitokeza, mara nyingi kwa herufi nzito. Shirika la wagonjwa wa siliaki la Italia, lijulikanalo kwa kifupi kama AIC, lina orodha ya maelfu ya mikahawa, hoteli na maduka ya aiskrimu ambayo limewafundisha wahudumu wake. Ningekuwa wewe, ningechagua kutoka orodha hiyo mikahawa michache iliyo karibu na mahali pa mafunzo kabla hata ya kupanga nguo za safari.

Mezani penyewe, pasta isiyo na gluteni utaipata mahali pengi, lakini swali lako la kwanza liwe kuhusu maji. Ikichemshwa katika sufuria iliyochemsha pasta ya kawaida, au ikachujwa kwa chujio lile lile, umerudi Pwani. Risotto ni wali na kwa kawaida inakufaa, ila uliza kuhusu supu iliyopikiwa. Nyama ya kuchoma na samaki wa kuokwa ni salama zaidi kuliko vyote vilivyokaangwa. Jihadhari na saltimbocca, minofu ya ndama inayosifika sana Roma, kwa kuwa nyama yake mara nyingi hupakwa unga. Na supplì, ambayo ndani ni wali mtupu lakini nje ni chenga za mkate. Na polpette, yaani nyama za kusaga za mviringo zinazochanganywa na mkate. Na gnocchi, ambazo utaambiwa ni viazi, na ni kweli ni viazi, pamoja na unga wa ngano wa kuvishikanisha. Aiskrimu ichukue kwenye kikombe, usiichukue kwenye koni, na umwombe muuzaji atumie kijiko kisafi. Ukienda kunywa kahawa, fahamu kwamba huko wanapenda pia kinywaji kiitwacho caffè d'orzo, ambacho ni shayiri iliyokaangwa na kusagwa, na kinafanana na kahawa kwa rangi na kwa kikombe. Mtu anayekuagizia kwa nia njema kitu kisichokunyima usingizi anaweza kukuletea hicho. Na waambie wenzako wasihangaike na sufuria, kwani Waitaliano wana ugali wao wa mahindi, unaoitwa polenta, ingawa ni chakula cha watu wa kaskazini zaidi na wenyewe huupika laini kiasi cha kumkera mla ugali halisi.

Pizza ndiyo ningekushauri uile tu mahali palipo katika orodha ya AIC. Mkahawa unaokanda unga wa ngano siku nzima una vumbi lake hewani, mezani na kwenye sakafu ya tanuri, na kuletewa pizza ya unga maalumu iliyookwa juu ya majivu ya unga mwingine hakukusaidii chochote.

Kuna mahali ambapo wengi hawapashuku, napo ni kiamshakinywa cha hoteli cha kujipakulia. Tazama bakuli la siagi: utaona chenga za mkate zilizoachwa na visu vya wageni waliokutangulia. Jemu ni hivyo hivyo, na kibaniko cha mkate ndiyo usikikaribie. Omba siagi na jemu zilizofungwa moja moja, omba mayai yako yakaangwe kwenye kikaango kilichooshwa, na matunda uyachukue kabla watu hawajawa wengi na vijiko havijaanza kuhama kutoka sahani hadi sahani.

Kuhusu ndege, chakula kisicho na gluteni kina alama yake inayotumiwa na mashirika ya ndege, GFML. Mwombe anayekukatia tiketi akiagize sasa hivi, kisha uthibitishe mwenyewe angalau siku mbili kabla ya safari, na uthibitishe tena iwapo safari itabadilishwa, maana ombi hilo hupotea kwa urahisi ratiba ikihamishwa. Hata likifika, soma kilichofungwa; si ajabu kukuta kipande cha mkate wa kawaida kimewekwa kando ya chakula chako maalumu. Kwa hiyo beba chakula chako mkobani: korosho, karanga, ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, keki za mchele. Usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote kuingia Ulaya, kwa kuwa wasafiri wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hukatazwa na hunyang'anywa uwanjani, na siagi ya karanga, kama unaipenda, iweke kwenye sanduku kubwa kwa sababu mkobani huhesabiwa kama kimiminika. Addis Ababa watakushawishi ule injera. Teff yenyewe, nafaka inayotengenezewa injera, haina gluteni, lakini wapishi wengi huichanganya na ngano au shayiri ili kupunguza gharama, na uwanja wa ndege si mahali pa kufanyia uchunguzi. Kula ulichobeba.

Ikitokea umekula kisichofaa pamoja na tahadhari zote hizo, hakuna dawa ya kuiondoa gluteni tumboni. Kunywa maji pamoja na chumvi za pakiti za kurejesha maji mwilini, pumzika, na usijiambie kwamba kwa kuwa siku imeshaharibika basi unaweza kula chochote. Ukitapika bila kukoma, au ukiona damu kwenye choo, mtafute daktari huko huko. Ndiyo maana ni vyema ubebe barua fupi ya daktari wako na uhakikishe kwamba bima ya safari inajua hali yako.

Uingereza sina hofu nayo sana mikahawani, kwa sababu huko pia sheria inamlazimu muuza chakula akueleze kama kina nafaka zenye gluteni. Samaki na chipsi viepuke mpaka upate duka lenye karai tofauti. Leicester imejaa mikahawa ya Kihindi, na huko, kama ilivyo Ngara na Parklands, uliza kuhusu mvuje unaotiwa kwenye dengu, kwani mvuje wa kopo kwa kawaida huongezwa unga wa ngano. Jiko litakalokusumbua ni la dada yako. Mhudumu unaweza kumhoji upendavyo, lakini dada mkubwa ambaye hajakuona kwa muda mrefu, na ambaye amekukandia chapati tangu alfajiri, utamwambiaje? Mpigie simu sasa, usisubiri ufike mlangoni. Mweleze kwamba mwiko wa mbao, chujio na kikaango cha chapati havikufai hata vikioshwa, na mwombe akununulie mwiko mpya na kikaango kidogo ambavyo utamrudishia gharama yake. Kisha mpe kazi ya kufanya: mwambie unatamani wali wake wa nazi au mukimo wake. Mwenyeji aliyepewa la kupika haoni kwamba amekataliwa.

Dawa hiyo hiyo iwafae wenyeji wa Roma na mkubwa wako wa kazi. Waandikie waandaaji wa mafunzo wiki hii, kwa maneno machache, kwamba una siliaki, ukiomba wakutajie mapema mikahawa mtakayoalikwa ili uwasiliane nayo mwenyewe. Si ombi la fadhila. Kwa mwenyeji wa Kiitaliano ni taarifa ya kawaida, na atakachokiona kibaya ni kuarifiwa ukiwa tayari mezani wapishi wameshamaliza. Ukikuta jioni moja kwamba mkahawa hauaminiki, kula chumbani kwanza, kisha uende ukae nao, unywe maji au divai, uzungumze. Mkubwa wako umwambie pia, ila usimwombe ruhusa ya kubaki, kwani ukishaomba mara moja, safari zijazo zitapangwa bila jina lako hata kabla hujaulizwa. Mume wako mwonyeshe orodha ya mikahawa na barua ya waandaaji. Nadhani yeye haogopi Roma, anaogopa kukuuguza tena.

Limebaki la Komunyo, na silioni kuwa dogo hata kidogo. Vatikani ililizungumzia mwaka 2003: hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa Misa, lakini hostia yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na mlei mwenye siliaki asiyeweza kupokea hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Kwa hiyo hukuwa na sababu ya kubaki kwenye benchi hata hapa nyumbani. Mwone paroko wako kabla ya kusafiri mkubaliane lipi linakufaa, ukimwuliza na daktari kama hostia za namna hiyo ni salama kwako. Ukichagua divai, omba kikombe cha peke yako, kwa kuwa katika kikombe kikuu padre hutia kipande cha hostia. Kwenye Misa ya umati mkubwa Vatikani mambo haya ni magumu kupanga; tafuta kanisa la kawaida karibu na hoteli yako, ufike mapema kabla ya Misa, uingie sakristia na kumwonyesha padre kadi ile ile unayowaonyesha wapishi.